Je, Wajua Kwa Nini Mfamasia Hukuomba Uvute Pampu ya Pumu Mbele Yake?

Umeingia famasi kununua pampu ya bluu. Pesa umeshatoa, mkono uko tayari kupokea mfuko, na mfamasia anakwambia: "Hebu mama, nionyeshe kwanza unavyoivuta." Wengi hushangaa, na wapo wanaonuna. Miaka minane naitumia, leo nifundishwe kama mtoto?

Swali hilo lina maana kuliko linavyosikika. Kidonge ukishakimeza kimemezwa. Ukimeze umesimama au umekaa, kwa haraka au kwa utulivu, dawa yote itafika tumboni. Pampu haiko hivyo. Mpulizo mmoja wa salbutamoli, ile dawa ya pampu ya bluu ya kufungua njia za hewa, hutoa maikrogramu 100, lakini kiasi kinachofika mapafuni huamuliwa na kidole chako na pumzi yako. Kwa pampu nyingi za kawaida, hata mtu anayefanya kila kitu sawasawa hufikisha asilimia 10 hadi 20 hivi. Sehemu kubwa inayobaki hugonga mdomo na koo, kisha humezwa. Anayekosea huanza kupoteza hata hicho kidogo.

Dawa inapotoka hupita mdomoni kwa kasi kubwa, na nyuma ya ulimi kuna kona kali ya kushuka kooni. Fikiria bodaboda anayeingia kona bila kupunguza mwendo: haikati kona, anakwenda moja kwa moja mtaroni. Chembe za dawa nazo ni vivyo hivyo. Ukivuta kwa pupa zinajibamiza kooni. Ukivuta polepole na kwa kina, zile ndogo zenye maikroni 1 hadi 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) zinakata kona na kuteremka hadi kwenye vijia vyembamba vya hewa vilivyobana. Ndiyo maana pia unaambiwa ubane pumzi sekunde 10 hivi, au kadiri unavyoweza: chembe hizo ni nyepesi mno, zinahitaji muda wa kutua. Ukipumua nje mara moja, unazirudisha zilikotoka.

Kidole nacho kina lake. Ukibonyeza kabla hujaanza kuvuta, dawa inaishia kwenye ulimi. Ukibonyeza mwishoni, mapafu yameshajaa na hakuna hewa ya kuibeba. Inatakiwa utikise pampu, kwa sababu katika pampu nyingi dawa huelea ndani ya kimiminika na kujitenga ikikaa, utoe pumzi, ubane midomo kwenye kinywa cha pampu, uanze kuvuta, na hapo hapo ubonyeze huku ukiendelea kuvuta. Mambo matano ndani ya sekunde chache, na mara nyingi ni mtu aliyekwishabanwa kifua ndiye anayetakiwa kuyafanya.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba pampu za unga hutaka kinyume chake. Zile hazina msukumo wa gesi. Pumzi yako ndiyo inayopasua unga kuwa chembe ndogo, kwa hiyo unatakiwa uvute kwa nguvu na haraka tangu mwanzo. Na usipumulie ndani yake, maana unyevu huugandisha unga. Mgonjwa aliyeandikiwa pampu mbili za aina mbili, na wapo wengi, atazivuta zote kwa mtindo mmoja kama hakuna aliyekaa naye. Nyingine huja na vidonge vya kutobolewa ndani ya kifaa, na kuna watu wamekuwa wakivimeza kwa maji kama dawa ya malaria. Siwalaumu. Kitu chenye umbo la kidonge kikitoka duka la dawa, nani asingekimeza?

Pampu yenyewe ilianza kwa swali la mtoto. Mwaka 1955 nchini Marekani, binti wa miaka 13 mwenye pumu alimuuliza baba yake, Dkt. George Maison wa kampuni ya Riker, kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye mkebe kama ule wa kunyunyizia nywele. Kabla ya hapo wagonjwa walibeba vichupa vya glasi vyenye mpira wa kuminya. Mwaka 1956 pampu ilikuwa sokoni. Ilikuwa rahisi kubeba, na ikaonekana rahisi pia kutumia.

Mapitio ya tafiti zilizofanywa kati ya 1975 na 2014, yaliyohusisha watu zaidi ya 54,000, yalikuta kwamba waliovuta sawasawa ni asilimia 31 tu, na kwa miaka yote hiyo hali haikuwa imeboreka. Karibu nusu walishindwa kuoanisha kidole na pumzi, na karibu nusu hawakubana pumzi baada ya kuvuta.

Sasa utaona kwa nini mfamasia makini haulizi, "Unajua kuitumia?" Swali hilo lina jibu moja, nalo ni ndiyo. Hakuna anayedanganya, kila mmoja anaamini anafanya sawa, kwa kuwa dawa inatoka, inasikika, na ladha yake ipo mdomoni. Ladha hiyo ndiyo dawa iliyopotea, lakini nani alimwambia? Kosa la pampu haliumi wala haliachi alama. Ni lazima lionwe na mtu mwingine.

Kwa nini iwe famasi, si hospitali? Kwa sababu mbinu husahaulika. Mtu aliyefundishwa vizuri, miezi miwili au mitatu baadaye ameanza kuruka hatua. Daktari humwona mara chache, lakini pampu ikiisha lazima arudi kwa muuza dawa. Huko Australia watafiti waliwafunza wafamasia wa mitaani kumtazama mgonjwa, kumwonyesha, kisha kumtaka arudie hadi apatie. Kazi hiyo ilichukua wastani wa dakika 2 na nusu, na pumu ya wagonjwa ikadhibitika vizuri zaidi. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 2011 mfumo wa afya wa England huwalipa wafamasia kumfuatilia mgonjwa aliyeanza dawa mpya ya pumu. Kwetu jambo hili bado linategemea moyo wa aliye nyuma ya kaunta na urefu wa foleni.

Linategemea pia kama yeye mwenyewe anajua. Mapitio mengine yaliyowapima wahudumu wa afya, wakiwemo madaktari na wauguzi, yalikuta asilimia 15.5 tu ndio walioonyesha njia sahihi. Kwa hiyo akikwambia "vuta tu, mama, ni rahisi" bila kukuonyesha, una haki ya kuwa na wasiwasi.

Kaunta inaona na jambo jingine: unarudi mara ngapi. Mkebe wa bluu una mipulizo 200. Anayemaliza mikebe 3 au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya, na anayefikia 12 hatari yake ya kufa inapanda. Huenda anahitaji pampu ya kila siku ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, ile ambayo baada yake unasukutua maji na kutema ili kuepuka fangasi wa mdomoni. Huenda anayo tayari na anaipulizia ulimi. Kabla ya kumwongezea dawa, ni busara kumwona anavyovuta.

Wapo ambao hata wakifundishwa mara tatu hawawezi: watoto, wazee wenye vidole vinavyouma, mtu aliyebanwa sana. Hao hupewa chombo cha plastiki cha katikati, kati ya pampu na mdomo. Dawa inapulizwa humo, mwendo unapungua, na mgonjwa anavuta bila kuharakishwa na kidole. Madukani chombo hicho si rahisi kwa kila mfuko. Mwaka 1999, Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa kwa watoto, chupa ya soda ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu la kukaza kinywa cha pampu, ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Chupa hiyo huoshwa kwa maji ya sabuni ya vyombo na kuachwa ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa: msuguano huipa plastiki umeme tuli, na dawa itaenda kung'ang'ania ukutani mwa chupa badala ya kuingia kifuani mwa mtoto.