Si kila "-oma" ni saratani

Majibu ya maabara yameandikwa "lipoma", na nyumba nzima imeshaanza kulia. Kosa ni kuusoma ule mwisho "-oma" kana kwamba maana yake ni saratani. Kwa Kigiriki ni kiishio tu cha kuundia nomino. Madaktari wakazoea kukitumia kwa uvimbe wa kila namna. Lipos ni mafuta, kwa hiyo lipoma ni kivimbe cha mafuta chini ya ngozi: laini, huteleza ukikibonyeza, na hakisambai mwilini. Hematoma wala si kitu kilichoota, ni damu iliyovilia. Trakoma ni maambukizi ya macho, na jina limetoka kwenye neno lenye maana ya kukwaruza, maana upande wa ndani wa kope huota vipele.

Kitazame kinachotangulia "-oma". Karsinoma ni saratani kweli, na jina limetokana na karkinos, yaani kaa yule wa pwani. Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, aliifananisha mishipa iliyotanuka kuzunguka uvimbe wa titi na miguu ya kaa. Kilatini kikasema cancer, Kiarabu saratan, maana ile ile, nasi tukapata saratani. Sarkoma ni ya sarx, nyama: saratani ya misuli, mifupa na mafuta.

Hapa pana mtego, tena mbaya. Melanoma na limfoma zinasikika kama ndugu wa lipoma, kumbe zote mbili ni saratani. Ukipewa karatasi, muulize daktari waziwazi: uvimbe huu ni wa kusambaa au si wa kusambaa?