Uhalifu Haukuisubiri Saini ya Clinton

Wiki iliyopita, katika kikao cha wanafunzi wa uzamili kutetea mapendekezo yao ya utafiti, nilionyeshwa tena mchoro uleule: mstari wa walengwa wa ruzuku nchini Marekani unaporomoka baada ya 1996, mstari wa uhalifu unaufuata, na chini yake hitimisho kwamba anayenyimwa fedha ya serikali huacha wizi akatafuta kazi. Nimeuona mara nyingi mno.

Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya mageuzi ya ruzuku kwa maskini tarehe 22 Agosti 1996. Kiwango cha mauaji, kilichokuwa 9.8 kwa kila watu 100,000 mwaka 1991, kilikuwa kimekwisha kushuka hadi 7.4. Jambazi wa 1993 alitonywa na nani?

Lakini tarehe ndilo kosa dogo. Linaloniudhi ni kutouliza ruzuku ilikuwa ya nani na wizi ni wa nani. AFDC, ruzuku ya fedha kwa familia maskini zenye watoto, iliyofutwa na sheria hiyo na nafasi yake kushikwa na mpango mpya wa TANF wenye ukomo wa miaka 5, ilipokewa zaidi na akina mama wenye watoto, ilhali mahabusu zilijaa vijana wa kiume. Anayetaka kuwaona vijana na atazame SSI, malipo ya serikali kwa watu maskini wenye ulemavu au wazee, kwa kuwa sheria hiyohiyo iliagiza mtoto mwenye ulemavu apimwe upya kwa vigezo vya watu wazima atimizapo miaka 18. Chukua wawili waliokaa dawati moja, mmoja amezaliwa tarehe 20 Agosti 1978, mwenzake tarehe 24: wa kwanza, aliyetimiza miaka 18 kabla ya saini, yaelekea aliendelea kulipwa; wa pili, aliyeitimiza baada yake, alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufutwa. Wanauchumi Manasi Deshpande na Michael Mueller-Smith waliwafuatilia vijana waliotimiza miaka 18 kabla na baada ya tarehe ya saini kwa miongo miwili, wakakuta kwamba kuondolewa kuliongeza mashtaka ya jinai kwa takribani asilimia 20, na ongezeko hilo lilikuwa hasa katika makosa yanayoingiza fedha, kama vile wizi, uvunjaji wa nyumba na ulaghai.

Hata hivyo, mwanauchumi Hope Corman na wenzake walikuta kwamba kukamatwa kwa wanawake kwa makosa makubwa ya mali kulipungua kidogo baada ya mageuzi hayo. Nimeitafutia kazi hiyo kasoro kwa muda mrefu, nami nakiri kwamba sikupata ya kuiangusha.

Nilimwagiza mwanafunzi aupange mchoro wake upya kwa umri na jinsia. Alinijibu, kwa adabu zote, kwamba jambo hilo litamchelewesha kuhitimu.