Ripoti ya vinasaba haimchagulii mtoto dawa ya ADHD

Mama mmoja aliniwekea mezani ripoti nene ya vinasaba vya mwanawe. Dawa zilikuwa zimepangwa kwa rangi kama taa za barabarani: kijani, njano, nyekundu. Methilfenidati, dawa ya ADHD (hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia) ambayo kijana alikuwa amekaa nayo miezi minane na walimu wake wakaisifu, ilikuwa kwenye njano.

"Daktari, nimemwachisha tangu Jumatatu," akasema. "Si wanasema tuwe waangalifu?"

Nikafunua kurasa za nyuma, kule kwenye maandishi madogo. Sababu ya njano ilikuwa jeni moja tu, COMT. Jeni hiyo inahusika na kuvunja dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe, kwenye ubongo, na tafiti zake kuhusu methilfenidati zinapingana: hizi zinaona tofauti ndogo, zile hazioni kitu. Kijana alirudishiwa dawa yake wiki ileile.

Kipimo hiki kinaulizwa maswali mawili yanayochanganywa kila siku. Je, dawa hii itamfaa? Na je, mwili wake utaiondoa kwa kasi gani? La kwanza, hakuna kipimo cha vinasaba kinachoweza kulijibu kwa uhakika leo. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu vipimo vinavyodai kutabiri mgonjwa atakavyoitikia dawa fulani bila ushahidi wa kutosha. La pili linajibika, ila kwa dawa chache, na kwa upande wa ADHD iliyo muhimu zaidi ni atomoksetini.

Methilfenidati yenyewe huvunjwa kwenye ini na kimeng'enya kiitwacho CES1. Haihitaji CYP2D6, kile kimeng'enya ambacho ripoti nyingi hukipa ukurasa mzima. Guanfasini, dawa nyingine ya ADHD, nayo ina njia yake, kimeng'enya CYP3A4. Atomoksetini ndiyo inayotegemea CYP2D6 hasa. Kwa watu wengi, kiasi chake kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa saa 5 hivi. Kwa mtu ambaye nakala zake zote mbili za jeni ya CYP2D6 hazifanyi kazi, ni karibu saa 22, na kwa dozi ileile mwili wake hukutana na dawa takriban mara 10 zaidi.

Nimeiona kwa macho. Kijana mkubwa, mwenye mwili wa mtu mzima, alianza miligramu 40, akapandishwa hadi 80 siku chache baadaye kama ilivyo kawaida. Alirudi mdomo mkavu, hali chakula, halali usingizi, moyo unamdunda akiwa amekaa tu, na mkojo hautoki mpaka asubiri. Tulimpunguzia hadi 40 na hapo dawa ikamfaa vizuri. Kwa watu wa aina yake, maelezo ya dawa yanasema akae kwenye 40 kwa wiki 4 kabla ya kufikiria kupanda. Upande wa pili wapo wanaoivunja haraka mno. Hao huambiwa dawa imeshindwa, kumbe haijakaa mwilini kwa kiasi cha kutosha.

Lakini kabla ya kuchukua mate ya mtu kwa ajili ya kipimo, mimi huuliza: unatumia dawa gani nyingine? Fluoksetini na paroksetini, dawa za sonona, huzuia CYP2D6, na mwenye jeni nzima kabisa anaweza kuivunja atomoksetini polepole kama yule asiye nayo. Hilo ripoti ya vinasaba haina namna ya kulijua.

Kuna neno moja kwenye ripoti linalonikera: "kawaida". Maana yake mara nyingi ni kwamba maabara haikukuta ilichokitafuta. Aina ya jeni ya CYP2D6 inayoitwa *4, isiyofanya kazi kabisa, ndiyo inayotawala kwa watu wenye asili ya Ulaya, na vipimo vingi huitafuta. Zile za *17 na *29, zinazopunguza kasi ya kimeng'enya, huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na si kila maabara inazitafuta. Isipozitafuta, huandika kawaida. Kwa hiyo ombeni orodha ya aina walizopima kabla hamjalipa.

Ripoti ya yule mama sikuitupa. Chini ya rangi zote hizo kulikuwa na mstari ambao hakuna aliyeusoma: CYP2D6, *4/*4, yaani nakala zote mbili ni za aina ya *4. Kijana wake haivunji atomoksetini ipasavyo. Methilfenidati haihusiki na jambo hilo, ndiyo maana hakuwahi kupata shida nayo. Nimeuandika mstari huo juu ya faili lake kwa wino mwekundu, na nikamwandikia mama kwenye karatasi aitunze. Siku tukilazimika kubadili dawa, nitaanza chini na kupanda polepole. Na akiwa mkubwa, daktari akitaka kumpa kodeini kwa maumivu, ataionyesha karatasi hiyo, kwa sababu mwili wake hautaigeuza kuwa mofini ya kumtuliza.