Ujira wa Mwongozaji Ukiahirishwa Uhesabiwe Kuwa Mtaji: Fedha za Filamu Huru za Wanawake

Ombi la ruzuku ya filamu likinifikia mezani, kabla sijasoma hadithi mimi hufungua jedwali la vyanzo vya fedha. Katika maombi ya wanawake wanaoongoza filamu huru kuna mstari ambao nimeuona mara nyingi mno: "mchango wa mwongozaji". Ukiufuatilia hadi kwenye bajeti unakuta ni ujira wake mwenyewe. Ameandika skripti kwa miaka bila malipo, ataongoza bila malipo, na thamani ya kazi hiyo imeingizwa kwenye jedwali kuziba pengo. Wafadhili wakiona jedwali limetimia, wanasaini. Aliyelitimiza ni yeye, lakini kwenye mkataba hatajwi popote miongoni mwa waliotoa fedha.

Filamu huru, yaani ile isiyogharimiwa na studio kubwa, huchangiwa na watu na taasisi mbalimbali. Kuna ruzuku za umma na za mifuko binafsi, ambazo kwa kawaida hazirudishwi. Kuna mauzo ya awali, ambapo kituo cha televisheni au msambazaji hununua haki za kuonyesha filamu ambayo bado haijapigwa. Kuna wawekezaji, kuna mikopo, na siku hizi kuna michango ya watu wengi kupitia intaneti. Mwishoni, pale vyote hivyo vikipungua, ndipo unapoingia ujira ulioahirishwa, yaani ule ambao mwongozaji atalipwa baadaye, filamu ikishaingiza fedha.

Anayeufikia mwisho huo haraka ni yule ambaye wengine wamemwamini kwa kiasi kidogo. Mnunuzi wa awali hutazama filamu zilizotangulia ziliuzaje; benki huuliza dhamana. Mwanamke ambaye filamu yake ya kwanza ilipewa bajeti finyu huonekana hana rekodi ya kusimamia bajeti kubwa, na palipo na desturi ya mali kuandikwa kwa jina la mume au baba, dhamana nayo hana. Basi anatoa alichonacho, yaani kazi yake.

Sasa tufuate fedha zinavyorudi. Tuseme filamu imeingiza 100. Wakala wa mauzo anakata kamisheni ya 25 na gharama za matangazo 15. Zimebaki 60. Mkopeshaji anachukua 20 zake na riba ya 2, zimebaki 38. Mwekezaji aliweka 30 na aliahidiwa nyongeza ya asilimia 20, kwa hiyo anachukua 36. Zimebaki 2. Mwongozaji aliyeahirisha ujira wa 12 anapata hizo 2, na mara nyingi anazipokea miaka kadhaa baada ya kupiga filamu. Hakuna aliyemwibia. Foleni ndivyo ilivyopangwa, na yeye aliwekwa nyuma.

Foleni hiyo inajadilika kabla ya kusaini, na hapa ndipo ninapowasihi waongozaji na watayarishaji wao wakae na mwanasheria. Mwongozaji akiomba alingane na mwekezaji, zile 38 zitagawanywa kwa uwiano wa 36 kwa 12. Yeye atapata 9.5 na mwekezaji 28.5, pungufu ya mtaji wake. Mwekezaji atakataa, na ana haki ya kukataa. Lakini lipo pendekezo la katikati ambalo naona ni la haki: mwekezaji arudishiwe kwanza mtaji wake wote wa 30, kisha ujira ulioahirishwa ulipwe, halafu ndipo nyongeza ifuate. Kwa hesabu yetu mwongozaji anapata 8 badala ya 2, na mwekezaji hajapoteza hata senti ya alichoweka. Katika mkataba, ni suala la kubadilisha mpangilio wa vifungu viwili.

Wazo la kazi kuwa mtaji si geni. Mwongozaji Agnès Varda alipotengeneza filamu yake ya kwanza nchini Ufaransa katikati ya miaka ya 1950, hakuwa na mtayarishaji wa kumlipia. Alianzisha kampuni yake, akaweka fedha za familia, na waigizaji na mafundi wakajiunga naye kwa mtindo wa ushirika, wakiwa na hisa katika filamu waliyoifanyia kazi.

Mifuko ya umma nayo imeanza kutimiza wajibu wake kwa waongozaji wanawake. Mwaka 2018, wanawake 82 walisimama pamoja kwenye ngazi za tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, kuwakilisha idadi ya waongozaji wanawake waliowahi kushindania tuzo kuu pale tangu 1946; wanaume walizidi 1,600. Mwaka uliofuata Ufaransa ilianza kutoa nyongeza ya asilimia 15 ya ruzuku kwa filamu zenye usawa wa kijinsia katika nafasi kuu za utengenezaji. Napenda hatua hizo, lakini naomba mifuko ihesabu pia fedha, maana kuhesabu filamu peke yake kunadanganya: nusu ya filamu zinaweza kuwa za wanawake huku sehemu kubwa ya fedha ikienda kwingine.

Tena ihesabu filamu ya pili, yaani ni wanawake wangapi wanaofadhiliwa tena baada ya ile ya kwanza. Mwaka 1991 Julie Dash alikamilisha Daughters of the Dust kwa takribani dola 800,000, sehemu kubwa ikitoka televisheni ya umma, nayo ikawa filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke Mmarekani mweusi kusambazwa rasmi katika majumba ya sinema nchini Marekani. Miaka iliyofuata kazi zake ndefu zilikuwa za televisheni.

Jambo moja zaidi kwa wenzangu tunaotoa ruzuku. Huwa tunalipa kwa awamu, na awamu ya mwisho hutoka filamu ikishakabidhiwa. Lakini fundi wa sauti na mhariri wanadai malipo kabla ya hapo, na pengo hilo analifunika mwongozaji, kwa mkopo wa riba akiupata, au kwa kuahirisha ujira wake kwa mara nyingine. Awamu hiyo ikitolewa siku uhariri wa picha unapofungwa, yaani picha haibadilishwi tena, mfuko hautumii hata shilingi moja zaidi, na fundi wa sauti analipwa kwa wakati.