Bakteria akikosa pa kushika

Juzi hapo dirishani pa dawa mama mmoja kabeba mtoto, makamasi yanamchuruzika, ananiambia dokta nipe tu amoksisilini za buku mbili niwahi daladala. Nikamuuliza ana homa? Hana. Anahema haraka haraka? Hapana, na ziwa ananyonya kama kawaida. Nikamwambia mama hayo ni mafua ya virusi, antibayotiki haiyagusi, akanisonya huyoo akavuka barabara kwenye duka la pili.

Watu tumezoea kwamba dawa ya bakteria lazima iue. Ila bakteria ukimvuta na hewa haumwi papo hapo, kwenye njia ya hewa kuna ute na chini yake vinywele vidogo mno vinapigapiga vikiusukuma ute kuja kooni, unaumeza hata hujui, sasa bakteria ambaye hajashika kitu anazolewa humo humo. Anayetaka kukaa anashika sukari zilizo juu ya seli zetu kwa protini zake, kama kishona nguo kinavyoganda kwenye suruali ukikatiza porini. Wa kifaduro ndo balaa, anashika hivyo vinywele vyenyewe halafu anaviharibu, ndo maana mtoto anakohoa mpaka anatapika.

Basi wataalamu wakawaza, tumwekee sukari bandia azishike hizo aachane na seli. Hafi, kwa hiyo hata usugu wa dawa unategemewa uwe mdogo. Finland walijaribu spray ya puani ya sukari za namna ile ya maziwa ya mama kwa watoto 507 waone kama itawakinga na maambukizi ya masikio, kule maabara ilikuwa imefanya vizuri tu lakini majibu yalipotoka mwaka 2000, watoto wa spray hiyo na wa spray isiyo na dawa walikuwa sawa, masikio yaliuma vile vile. Bakteria ana ndoano nyingi bwana (hizo protini za kushikia), ukiziba moja anatumia nyingine.

Kabla ya hapo, 1996, huko huko Finland, mjini Oulu, watoto 306 wa chekechea walitafuna bablish, wengine za sukari ya kawaida wengine za zailito (sukari mbadala, nayo inadhaniwa inapunguza bakteria kunata), na hao wa zailito walioumwa masikio ni asilimia 12.1, wenzao 20.8. Nzuri, ila ni kutafuna mara 5 kwa siku miezi 2, nani atamsimamia?

Kwa sasa kinachofanya kazi hiyo kweli ni chanjo, ile ya wiki ya 6, 10 na 14 ina ya kifaduro ndani yake na baadhi ya kingamwili zake zinakaa juu ya ndoano za bakteria. Maziwa ya mama nayo yana sukari za kumhadaa. Moshi wa sigara ndo kinyume chake, unaongeza vishikio kwenye seli, baba anavuta sebuleni mtoto anaandaliwa nimonia.

Na ukikutana na spray inayotangazwa mtandaoni eti inazuia bakteria kunata, muulize muuzaji TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wameisajili kwa kazi gani.