Mageuzi ya sekta ya usalama si kulinda amani

Hapa Tanga, ukimtaja ofisa mstaafu wa jeshi aliyepata kazi nje ya nchi, watu hawakungoji umalize. "Kaenda kulinda amani," wanakukatisha. Nimelisikia Ngamiani kwenye baraza za kahawa, nimelisikia tukitoka swala ya alasiri, na juzi nimelisikia redioni: mtangazaji anaeleza kwamba walinda amani "wanafanya mageuzi ya sekta ya usalama" kwa kuwafundisha askari wa nchi fulani kulenga shabaha. Sentensi moja, makosa mawili. Nikaona niandike.

Maana kwanza. Mageuzi ya sekta ya usalama ni kazi ya kuvibadili vyombo vyote vyenye silaha (jeshi, polisi, magereza, idara ya usalama), pamoja na wizara, bunge na mahakama zinazotakiwa kuvisimamia, ili vimlinde raia, vitii sheria na serikali halali, na visile zaidi ya uwezo wa nchi. Mara nyingi hufanyika nchi inapotoka vitani, ingawa si lazima. Msemo huu ulianza kuvuma mwishoni mwa miaka ya 1990, Clare Short alipokuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza. Umoja wa Afrika ulipitisha sera yake Januari 2013. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likafuata Aprili 2014 kwa azimio namba 2151, la kwanza kuhusu jambo hili peke yake.

Hiyo ndiyo maana, na haina ugumu. Tatizo ni kazi nyingine zinazobandikwa jina hilo.

Mwaka 1992 Boutros Boutros-Ghali, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizitenganisha kazi hizi kwa maandishi: kuzuia vita kabla havijawaka, kupatanisha wanaopigana, kulinda amani iliyopatikana, na kujenga amani baada ya vita. Mageuzi ya sekta ya usalama yamo katika hiyo ya mwisho. Anayetaka kuona tofauti awatazame majenerali watatu wa Afrika. Luteni Jenerali Paul Mella wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) aliteuliwa 2013 kuongoza majeshi ya UNAMID, ujumbe wa pamoja wa Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika kule Darfur, Sudan: alikuwa na vikosi, na kikosi kikiambiwa kitoke doria kinatoka. Huko ni kulinda amani. Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya aliketi na serikali ya Sudan na SPLM, waasi wa kusini mwa nchi hiyo, kutoka makubaliano ya awali ya Machakos ya 2002 hadi mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi Januari 2005. Huo ni upatanishi. Wa tatu ni Jenerali Lamine Cissé wa Senegal, na yeye ndiye anayefaa zaidi hapa. Alikuwa mkuu wa majeshi, akastaafu, akawa waziri wa mambo ya ndani na kuusimamia uchaguzi wa 2000 ambao rais aliyekuwa madarakani alishindwa na akakubali. Baadaye aliuwakilisha Umoja wa Mataifa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na 2010 akaongoza ujumbe wa kuitathmini sekta ya usalama ya Guinea. Kule Guinea hakuwa na askari wa kumwamuru. Alikuwa na maswali na ripoti.

Hapo kwenye kukosa mtu wa kumwamuru ndipo ilipo tofauti yote. Jirani yetu mmoja wa Chuda, luteni kanali mstaafu, alifanya kazi ya ushauri wa namna hii katika nchi iliyotoka vitani. Sisi tunamwita Afande, na hata wajukuu zake wanamwita hivyo. Nilipomuuliza kazi yenyewe ilikuwaje, hakunisimulia vita wala doria. Alinisimulia siku ya mshahara.

"Mwanangu," aliniambia, "pesa zinatoka makao makuu kwenye magunia. Zinamfikia mkuu wa kikosi. Yeye ndiye mwenye orodha, yeye ndiye anayeita majina, yeye ndiye anayehesabu noti mkononi mwa askari. Sasa niambie, huyo askari atamshtaki mkuu wake kwa nani?"

Akaeleza jinsi orodha inavyonenepa. Aliyekufa hafutwi, aliyetoroka hafutwi, shemeji wa mtu anaingizwa. Sisi tulioishi na sakata la watumishi hewa hatuhitaji tafsiri, hao ni askari hewa. Na yule aliye hai, anayepokea nusu ya haki yake, akirudi kijijini na bunduki ya serikali atakula kwa mkulima. Anaweka kizuizi barabarani, anatoza baiskeli, anatoza gunia la muhogo. Raia anaona vita havijaisha, ingawa mkataba umetiwa saini na walinda amani wamo mjini.

Dawa yake ni ya kikarani kabisa, na ndiyo maana haionekani kwenye picha za habari. Unaitenga njia ya pesa na njia ya amri. Mkuu wa kikosi abaki na amri, mshahara upite kwingine. Umoja wa Ulaya ulipeleka ujumbe wa kazi hiyo hiyo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuanzia 2005: kuwaandikisha askari mmoja mmoja kwa alama za vidole, na kuwaondoa makamanda kwenye mlolongo wa malipo. Afande anasema hakuna jambo lililomfanya achukiwe kama hili. Makamanda waliokuwa wakimkaribisha chai waliacha kumwona. Aliendelea kwenda ofisini kwao kila asubuhi kuomba daftari lile lile la mishahara, kwa heshima ile ile. Kwa mtu aliyezoea kusema neno likatekelezwa, huku kulikuwa kujifunza upya utu uzima.

Kitu cha pili alichonieleza ni ghala la silaha. Alikuta kufuli moja na ufunguo mmoja, mfukoni mwa mtu mmoja, na daftari la kutolea silaha lenye kurasa zilizochanwa. Walichokubaliana baada ya miezi ya mazungumzo kilikuwa kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa ofisi moja, daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, na mkaguzi wa kutoka wizarani, raia, mwenye haki ya kufika bila taarifa. Huyo raia ndiye aliyeleta ubishi mrefu kuliko kufuli. Maofisa walikubali kukaguliwa na ofisa mwenzao. Kukaguliwa na mtu asiyevaa gwanda waliona ni dharau. Lakini bila huyo raia, vilivyobaki vyote ni utaratibu wa ndani ya kambi, na utaratibu wa kambi unaweza kufutwa na amri ya kambi.

Sasa kosa la pili la mtangazaji: kudhani kufundisha shabaha ndiyo mageuzi. Hili linaniudhi kuliko la kwanza, kwa sababu linagharimu maisha ya watu. Kuliimarisha jeshi na kulibadili jeshi ni mambo mawili. Magari mapya, redio mpya za mawasiliano, mafunzo ya usiku, vyote vina kazi yake, lakini vinaongeza nguvu bila kusema nguvu hiyo inamtii nani. Umoja wa Ulaya ulianza kulifundisha jeshi la Mali mwaka 2013. Agosti 2020 maofisa wa jeshi hilo walimwondoa rais madarakani, na Mei 2021 wakamwondoa na aliyewekwa baada yake. Guinea, baada ya tathmini ile ya Jenerali Cissé, kulifanyika kazi ya kweli, hata askari karibu 4,000 wakastaafishwa mwishoni mwa 2011. Lakini kikosi maalumu kiliundwa baadaye, kikapewa mafunzo na zana bora, na Septemba 2021 ndicho kilichofanya mapinduzi chini ya Kanali Mamady Doumbouya. Mapinduzi yana sababu nyingi. Rais Alpha Condé alikuwa amebadili katiba akagombea muhula wa tatu. Ninachosema ni kwamba hesabu ya askari waliofuzu haijawahi kuwa kipimo cha mageuzi, na redio ikisema hivyo inawapotosha watu.

Na kuna jambo ambalo Watanzania tunalisahau kabisa tunapoliona neno hili kama la Ulaya au la nchi zilizoungua. Sisi tumefanya mageuzi haya mara mbili, bila kuyaita hivyo.

Mara ya kwanza ni 1964. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walidai mishahara bora, na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke, nafasi zao zishikwe na Waafrika. Tabora nao wakafuata. Serikali changa ikalazimika kuwaomba Waingereza msaada, na tarehe 25 makomando wao wakauzima uasi huo. Mwalimu Nyerere angeweza kupandisha mishahara, kubadilisha maofisa kadhaa, na kuendelea na jeshi lile lile lililorithiwa kutoka ukoloni. Hakufanya hivyo. Alilivunja jeshi lote. Vijana wapya walitafutwa kupitia TANU, chama tawala cha wakati ule, na Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa Julai 1963, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ, mkuu wake wa kwanza akiwa Mirisho Sarakikya. Swali aliloliweka mezani halikuwa kama askari wanajua kupiga bunduki, maana walijua. Lilikuwa: wanaona ni wa nani?

Jibu la wakati ule lilikuwa na kasoro yake, na naisema bila kuona haya. Jeshi lilifungwa na chama. Askari alikuwa mwanachama, na utii kwa nchi ukachanganyika na utii kwa TANU, baadaye CCM. Ndiyo maana mara ya pili ilihitajika, mfumo wa vyama vingi uliporudi 1992. Fungua Katiba yetu Ibara ya 147: mwanajeshi ni marufuku kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa anabaki na haki yake ya kupiga kura. Ibara hiyo hiyo inaeleza kwamba mwanajeshi maana yake si wa Jeshi la Ulinzi pekee. Wamo pia wa Polisi, Magereza na JKT. Hakuna gari jipya lililonunuliwa kwa ajili ya ibara hiyo, lakini ni mageuzi makubwa kuliko gwaride lolote. Inatakiwa itekelezwe kila siku, si kusomwa tu, na kila mwaka wa uchaguzi raia ana haki ya kuuliza inatekelezwaje.

Majirani zetu nao wana yao. Ukivuka Horohoro kwenda Kenya, utakuta nchi iliyoamua, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi, 2007 na 2008, kuandika polisi upya katika Katiba ya 2010, na mwaka uliofuata kuunda mamlaka huru ya kiraia ya kuwachunguza polisi. Burundi ilipitia Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000, ulioanza kusukwa na Mwalimu na kumaliziwa na Nelson Mandela, ukaweka kwamba jeshi lisiwe na zaidi ya asilimia 50 ya watu wa kabila moja. Si wote walidumu kwenye walichokubaliana. Lakini tazama walichokuwa wakibishania: nani anaingia jeshini, nani anawachunguza wenye silaha, nani anaweza kumwambia kamanda hapana.

Kukusanya bunduki za waasi na kuwarudisha wapiganaji uraiani nako si mageuzi, ni jirani yake. Msumbiji, baada ya mkataba wa amani wa Roma wa 1992 kati ya serikali na waasi wa Renamo, ilipanga jeshi la pamoja la watu 30,000 na likapata kama 12,000 tu, kwa kuwa wengi wa pande zote mbili walichagua kurudi nyumbani. Kumrudisha mtu nyumbani ni kazi moja, na kulijenga jeshi analoliacha nyuma ni nyingine, hata zikifanyika mwezi mmoja na ofisi moja.

Vijana wanaotoka JKT Maramba huniuliza sana waombe wapi "kazi hizo za Umoja wa Mataifa za mageuzi", wakidhani kinachotakiwa ni kifua na nidhamu ya kwata. Nawajibu taratibu kwamba ulinzi wa amani una njia yake, kupitia jeshi au polisi, na ni kazi ya heshima. Askari wetu wamekufa wakiifanya kule Kivu, mashariki mwa Kongo. Mageuzi yana mlango mwingine. Afande aliniambia kwamba katika timu yao mtu aliyeogopwa zaidi na makamanda hakuwahi kushika bunduki: alikuwa mwanamke mhasibu, aliyeweza kuisoma orodha ya malipo na kuona jina moja limeandikwa mara tatu kwa herufi tofauti. Kwa hiyo dada wa Makorora mwenye cheti cha uhasibu, au kijana aliyesomea sheria na hajui hata kuvunja bunduki, asijitoe kwa kudhani kazi hii ni ya wanajeshi peke yao. Na mstaafu anayeitaka aanze kwa kujizoeza kuomba daftari bila kutoa amri.