Rimeki maana yake nini? Tuichukue Ben-Hur

Rimeki ni muvi ambayo ilishatengenezwa zamani, afu watu wengine wanakuja wanaitengeneza upya toka mwanzo, waigizaji wapya, kamera mpya, hadithi ileile. Usichanganye na mwendelezo, ule unaanzia pale ya kwanza ilipoishia. Na ile ya kusafisha picha ya zamani ing'ae, hapo muvi imeogeshwa tu.

Wengi wakisikia rimeki wanakunja uso, eti Hollywood wameishiwa. Mi hapo sikubali, maana Ben-Hur ya 1959 ya mwongozaji William Wyler, yenye Charlton Heston, iliyobeba Oscar 11 na kila mtu anaiita orijino, nayo ni rimeki! Kuna ya 1925 isiyo na sauti (Wyler mwenyewe alikuwa msaidizi humo) na kuna kafupi ka 1907, zote zimetoka kwenye riwaya ya Lew Wallace ya 1880.

Sasa ya 2016 ya Timur Bekmambetov ilikula kama dola milioni 100 na kwenye majumba ya sinema haikufikisha hata hizo. Mbio za magari ya farasi zipo, vumbi lipo, ila vilivyozipa uzito wamevikata. Ile ya zamani Judah Ben-Hur, Myahudi aliyesalitiwa na rafiki yake Mrumi, Messala, akafanywa mtumwa melini, anapiga makasia miaka, anamuokoa kamanda Mrumi, anafanywa mwanae, anakuwa mtu mkubwa na bado chuki haimtoki, yaani akiingia uwanjani unajua amebeba nini kifuani. Hii ya 2016 meli inazama, anatupwa ufukweni, Morgan Freeman na marasta yake anamuokota, haya twende mbio. Afu Messala, ambaye kwa Wyler anakufa huku bado anatema sumu, kwenye hii mpya anakatwa mguu, yeye na Judah wanakumbatiana, yameisha.

Kilichoniuma zaidi ni maji. Kwa Wyler, uso wa Yesu huuoni kabisa. Judah kafungwa minyororo, anakufa kiu pale Nazareti, Yesu anamnywesha, askari anakuja juu kuzuia, Yesu anasimama anamtazama tu, na wewe unaoneshwa uso wa yule askari, ukali unamuisha, anageuka, anarudi kuangalia tena, hajui afanye nini. Hakuna neno. Ya 2016 Yesu ni Rodrigo Santoro, unamuona uso wote toka mapema na anaongea vizuri tu, maji anayatoa hivohivo, na wewe unaendelea kula bisi zako.